Jiokashingi au letaboksi: upi uifae bustani ya mtaa jijini Tanga

Mwalimu, mzazi au kiongozi wa vijana jijini Tanga anayetaka kuwatoa watoto ndani na kuwapeleka bustanini kutafuta kitu kilichofichwa ana michezo miwili ya kuchagua. Wa kwanza ni jiokashingi, ambamo mchezaji hufuata namba za setelaiti kwa simu hadi lilipo kasha, hulifungua, huandika jina lake katika daftari lililomo, kisha hulirudisha mahali pake. Wa pili ni letaboksi, ulioutangulia wa kwanza kwa karibu karne moja na nusu, ambamo mchezaji hafuati namba bali maelezo ya mafumbo, na akilipata kasha hukuta muhuri ndani yake, akaugonga katika kijitabu chake na kuugonga muhuri wake mwenyewe katika daftari la kasha. Kwa anayetazama kwa mbali, michezo hii ni mmoja. Tofauti hujitokeza siku ya kuamua kasha likae wapi, na katika bustani za mjini kama ile ya Jamhuri, iliyo juu ya bandari, hizo ndizo zinazoamua kama mchezo utadumu au utakufa kabla ya masika.

Jiokashingi ilitokana na uamuzi wa serikali ya Marekani. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, mawimbi ya GPS, mfumo wa setelaiti unaoonyesha mahali ulipo, waliyoruhusiwa kuyatumia raia yalikuwa yakipotoshwa kwa makusudi, kiasi cha kifaa kuweza kukosea kwa mita 100 hivi. Upotoshaji huo uliondolewa tarehe 2 Mei, na kesho yake Dave Ulmer, mkazi wa jimbo la Oregon, akaacha ndoo yenye vitu vya kubadilishana karibu na Beavercreek na kutangaza namba za mahali hapo kwa wenzake katika intaneti. Hazikupita siku nyingi mmoja wa waliolisoma tangazo hilo, Mike Teague, akawa ameiona ndoo. Mwaka huohuo ikaanzishwa kampuni ya Groundspeak mjini Seattle, ambayo mpaka leo ndiyo yenye orodha kubwa ya makasha yaliyosajiliwa na ndiyo inayoweka masharti yanayofuatwa na wachezaji wengi.

Letaboksi haina tarehe kali kiasi hicho, wala hakuna kampuni inayoimiliki. Asili yake ni nyika ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako mwaka 1854 mwongoza wageni aitwaye James Perrott aliweka chupa penye Cranmere Pool, mahali pagumu kufikika, ili wenye miguu imara waache humo kadi zao za majina kama ushahidi. Mihuri ilikuja baadaye. Kwa hiyo mchezo huu ulikuwapo zamani kabla ya setelaiti ya kwanza kurushwa, na bado unachezeka na mtu asiye na simu ya aina yoyote.

Hapo ndipo pa kuanzia ulinganisho, kwa sababu swali la kwanza la mzazi huwa ni vifaa. Simu janja ya kawaida, ikiwa chini ya anga iliyo wazi, hukuonyesha mahali ulipo kwa kosa la mita 5 hivi. Mita 5 zinaonekana chache mpaka utakapokumbuka kwamba duara la nusu kipenyo hicho lina eneo la karibu mita za mraba 80, na kwamba chini ya mwembe mkubwa, au kando ya ukuta mrefu ambako mawimbi hudunda kabla ya kuifikia simu, kosa hilo huongezeka. Simu basi inakufikisha mtini; shina, mizizi na tundu la kasha utavitafuta kwa macho na mikono. Wapo wanaolalamika kwamba simu imewadanganya, ilhali imefanya kazi yake yote na iliyobaki ndiyo sehemu yenye utamu.

Katika orodha ya jiokashingi viwianishi, yaani zile namba zinazotaja mahali, huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali tatu, na kwa Tanga mfano wake ni S 05° 04.123' E 039° 06.456'. Desimali ya mwisho ina thamani ya mita 1.85 hivi upande wa kaskazini na kusini. Kwa kuwa jiji letu liko digrii 5 tu kutoka ikweta, upande wa mashariki na magharibi thamani yake ni karibu ileile, jambo ambalo mchezaji wa Seattle hana, kwani kule longitudo zimesogeleana na desimali hiyo haifiki mita 1.3. Mwalimu wa jiografia atapata hapo somo zima la kipindi kimoja bila kufungua kitabu. Atapata na jingine: mwanafunzi akikosea akaandika N (kaskazini) badala ya S (kusini), simu itamwelekeza kusini mwa Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bustanini. Simu haihitaji bando ili kupokea mawimbi ya setelaiti, lakini ramani na maelezo ya kasha huyahitaji, na kwa hiyo ni vyema kuyapakua nyumbani kabla ya kutoka. Tatizo ambalo bando haliliondoi ni idadi ya simu. Kundi la watoto ishirini lenye simu tatu lina wachezaji watatu. Waliobaki ni wasindikizaji.

Letaboksi huwapa wote ishirini kazi. Karatasi moja ya mafumbo husomwa kwa sauti, na kila kichwa hufikiri. Mtoto wa Pwani aliyelelewa na "kitendawili, tega" hahitaji kufundishwa namna ya kucheza. Wala dira si ya lazima kwa anayeutunga mchezo huu Tanga, kwa sababu ya bahati ya kijiografia ambayo miji michache inayo: Tanga iko longitudo 39.1 na Makka 39.8, hivyo kibla chetu ni kaskazini karibu kamili, tofauti ikiwa digrii moja na nusu tu. Kila msikiti wa mtaani ni sindano ya dira. Katika bustani za ufukweni kaskazini ndiko iliko bahari, maana mji umekaa ukingo wa kusini wa ghuba yake. Fumbo la mfano linaweza kwenda hivi:

"Mnara wa saa wa Mjerumani uupe kisogo, elekea kibla hadi upepo wa bahari ukupige usoni. Tafuta mti uliojenga ghorofa bila fundi. Chini yake ana kikao mwenye kuuza kitu cheusi kichungu. Msalimie kwanza, maana asiyesalimia haoni."

Mti wa ghorofa ni mkungu, ambao matawi yake hutoka kwa tabaka. Mtoto wa darasa la tano atalitegua akiwa njiani, na mgeni asiyeijua mikungu atalazimika kumuuliza mtu, nalo ni jambo zuri. Kazi ngumu humwangukia mtungaji. Viwianishi havizeeki, lakini fumbo lililotegemea benchi la bluu hufa siku benchi likipakwa rangi nyingine, na lile lililotegemea kibanda hufa siku kibanda kikihamishwa. Anayetunga ategemee vitu vizito: minara, makaburi, majengo ya kale, miti mikubwa, upande wa kibla. Karibu na Bustani ya Jamhuri havikosekani, kwani mnara wa saa uko hapohapo na boma la zamani lenye Makumbusho ya Urithi haliko mbali.

Sasa tuje kwenye lililo zito zaidi, yaani mahali pa kuliweka kasha. Michezo yote miwili ilianzia penye upweke, mmoja porini Oregon na mwingine katika nyika ya Dartmoor, na masharti yake bado yana harufu ya upweke huo. Bustani ya mjini Tanga haina upweke. Asubuhi kuna wafagiaji na wanaokatiza kwenda kazini. Mchana kuna waliojilaza kivulini. Kuanzia saa kumi jioni huja familia, wapiga picha, wauza mihogo na karanga, na vijana wenye simu zao, na katika mabenchi huwa wamekaa wazee ambao hakuna tukio linalowapita. Kuficha kasha mbele ya macho yote hayo bila kuonekana ni kazi. Kulitafuta bila kuonekana ni kazi kubwa zaidi, maana mtu mzima anayezunguka mti mara tatu huku akipapasa mizizi ataulizwa amepoteza nini kabla hajaanza raundi ya nne. Atakayemsaidia kutafuta ndiye atakayerudi usiku kuona kulikuwa na nini. Hatari haiko kwenye wizi wa thamani, kwa kuwa ndani ya kasha hamna cha thamani. Iko kwenye bati, linalochukuliwa na waokota vyuma chakavu, na kwenye plastiki, inayochukuliwa na waokota chupa. Wote wanafanya kazi yao halali ya kuondoa kinachoonekana kutupwa.

Jiokashingi inakabili tatizo hili kwa kupunguza ukubwa. Makasha yake hupangwa kwa ujazo: madogo kabisa ni ya chini ya mililita 100, yanayofuata huishia lita 1, ya kawaida ni kati ya lita 1 na 20, na makubwa huzidi hapo. Kwa bustani zetu ni lile la kwanza tu lenye matumaini, mathalani kichupa chenye sumaku kilichobanwa nyuma ya chuma cha uzio, ndani yake mkiwa na ukanda wa karatasi wa kuandika majina. Linadumu, nakiri, lakini limepoteza kilichowavuta watoto. Hamna nafasi ya kidoli, gololi wala bangili ya kubadilishana, na mtoto aliyeahidiwa hazina akapewa karatasi iliyosokotwa hatarudi Jumamosi ijayo. Kisha kuna sharti la umbali: makasha mawili yaliyosajiliwa lazima yaachane kwa mita 161 angalau. Bustani ndogo hubeba kasha moja basi, na likishapatikana, mchezo wa watoto wa mtaa huo umekwisha, kwa kuwa ni wageni tu ambao hawajalipata.

Letaboksi haina mita 161 wala mkaguzi wa kupitisha makasha. Katika bustani moja mnaweza kuweka mihuri mitano tofauti, mkabadilisha mafumbo kila likizo ya shule. Na ina ruhusa moja ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote: kasha laweza kuwa na mlinzi. Katika jiokashingi, kasha halipaswi kumlazimisha mchezaji aingie katika biashara, anunue kitu au azungumze na mfanyakazi wa humo ili alipate. Sharti hilo limewekwa kuzuia mchezo usigeuzwe tangazo. Sharti jema, lakini linamwondoa mtu muhimu kuliko wote katika bustani ya Kiswahili, naye ni muuza kahawa. Yeye hukaa palepale kila jioni na mdila wake juu ya makaa, vikombe vikiwa ndani ya ndoo ya maji, kashata kwenye sinia, na chini ya benchi lake kuna nafasi ya kisanduku cha kiatu ambacho hakuna mwokota chupa atakayethubutu kukigusa. Mkabidhi kasha, mweleze mchezo, mwambie asimpe mtu ambaye hajataja jibu la fumbo. Macho ya watu, ambayo katika jiokashingi ni adui, hapa yamekuwa ulinzi. Tahadhari ni moja: akiugua au akisafiri, kasha nalo limesafiri, kwa hiyo awepo wa pili anayejua.

Hali ya hewa haina upendeleo. Masika ya Machi hadi Mei na vuli za mwisho wa mwaka hulowesha kila kisichobanwa vizuri, na hewa ya chumvi hula bawaba na sumaku za bei rahisi mwaka mzima. Kikontena cha plastiki chenye mfuniko wa kubana na mpira pembeni ndicho kinachofaa, na daftari liwekwe ndani ya mfuko wake wa plastiki. Letaboksi ina udhaifu wa ziada hapa, kwa kuwa pedi ya wino hukauka wakati wa joto na huvuja ikilala upande. Afadhali kila mchezaji aje na pedi yake, kama ambavyo katika jiokashingi kila mchezaji huja na kalamu yake.

Ruhusa ni ya lazima kwa yote mawili, ingawa wapo wanaoiona kuwa urasimu. Orodha ya Groundspeak humtaka mwenye kasha awe na idhini ya mwenye eneo, hairuhusu kuchimba shimo la kulizika bila ruhusa, na mkaguzi wa kujitolea hulipitia kila kasha kabla ya kulitangaza. Nyumbani kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi: kisanduku kisicho na mwenyewe, kilichofichwa karibu na bandari au jengo la serikali, kitaitiwa polisi, na anayekiita hana kosa. Barua fupi kwa Halmashauri ya Jiji, taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mlinzi wa bustani, kisha maandishi ya Kiswahili juu ya kasha yanayosema ni mchezo gani na ni wa nani, vitaondoa sehemu kubwa ya matatizo. Penye ukingo wa maji au ukuta unaoporomoka pasiwekwe kitu, hata kama fumbo lake lingependeza.

Kwa gharama, tofauti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kujiandikisha katika programu ya Groundspeak ni bure, na kusajili kasha ni bure. Uanachama wa kulipia upo, na baadhi ya makasha huonekana kwa wanaolipia peke yao. Letaboksi hugharimu muhuri, ambao fundi mihuri wa mjini hukuchongea, au watoto wenyewe huchonga kwa wembe wa mwalimu kutoka katika ufutio mkubwa au soli ya kandambili iliyochakaa. Muhuri wa kandambili huacha alama yenye vinyweleo ambayo hakuna mashine inayoweza kuiiga, na mtoto aliyechonga pweza au jahazi la mlingoti mmoja huwa na hamu ya kuugonga kila mahali, vitabu vya shule vikiwamo. Kwa maoni yangu saa hizo za kuchonga ni nusu ya thamani ya mchezo wote.

Ingekuwa dhuluma kuishia hapo bila kuitendea haki jiokashingi, kwa sababu ina mambo mawili ambayo letaboksi ya mtaa haitayafikia. Moja ni ulimwengu. Kasha lililosajiliwa huonekana na baharia, mtalii au mwanafunzi kutoka nchi yoyote, na kuna vidani vyenye namba vinavyobebwa kutoka kasha hadi kasha, mwenye nacho akifuatilia safari yake katika ramani. Kidani kilichotoka Ujerumani kikafika Tanga ni barua ambayo darasa zima linaweza kuisoma. La pili ni vipimo vya ugumu. Kila kasha hupewa alama mbili, kuanzia 1 hadi 5, moja ya ugumu wa kulipata na moja ya ugumu wa ardhi, na 1 ya ardhi ni kwa kasha linalofikika kwa kiti cha magurudumu. Mafumbo ya letaboksi hayana kawaida ya kumwambia mzazi jambo hilo mapema, na ingefaa watungaji wetu waliige.

Ipo njia ya kati inayostahili kutajwa. Jiokashingi inaruhusu kasha la hatua nyingi, ambamo hatua za mwanzo si makasha bali ni maswali yanayojibiwa kwa kutazama kitu kilichopo: tarehe iliyoandikwa jiwe fulani, idadi ya madirisha, namba ya barabara huko Ngamiani ambako barabara huitwa kwa hesabu. Majibu huingizwa katika viwianishi vya hatua ya mwisho. Hatua hizo za maswali hazihesabiwi katika mita 161, hivyo bustani yaweza kuwa na maswali kumi na kasha likawa kwingine penye utulivu, kwa mfano katika uwanja wa taasisi iliyokubali kulihifadhi. Aina nyingine, EarthCache, haina kasha kabisa. Humpeleka mchezaji penye somo la miamba na kumwuliza maswali. Mapango ya Amboni, yapatayo kilomita 8 kutoka mjini, ambayo maji yaliyachonga katika mawe ya chokaa ya enzi ya kale ya kijiolojia iitwayo Jura, yanaifaa aina hiyo kuliko bustani yoyote. Ila hapo tumekwisha kutoka mtaani, na watoto watahitaji usafiri.

Kwa hiyo mwenye kundi la watoto wa mtaa mmoja, simu chache na bustani yenye watu wengi aanze na letaboksi, amtafute muuza kahawa kabla ya kutafuta tundu la mti, na asiweke zaidi ya mihuri mitatu mpaka aone ya kwanza imedumu msimu wa mvua. Mwenye vijana wa sekondari wenye simu, au nyumba ya wageni inayopokea wasafiri, achague jiokashingi ya hatua nyingi na kuyaacha maswali yafanye kazi ndani ya bustani. Shule yenye mwalimu wa jiografia aliye tayari inaweza kuendesha yote mawili, letaboksi muhula wa kwanza na jiokashingi wa pili, mradi mtu mmoja anayejulikana kwa jina awe na wajibu wa kulitembelea kila kasha. Groundspeak hulifuta katika orodha kasha ambalo mwenyewe ameacha kulitunza, na ndiyo maana mgeni wa likizo kwa kawaida hakubaliwi kuacha la kwake na kuondoka. Anayetaka kuweka lake Tanga awe mkaazi, au awe na mkaazi aliyekubali kuwajibika nalo.